Siku Tope Lilipomshika Zuhura

Harufu ilitufikia kabla hatujaliona bwawa: tope lililochacha, mavi ya viboko, samaki waliofia juani. Nilikuwa na miaka tisa, mvua za kwanza bado. Baba mdogo Saidi, askari wa wanyamapori huku kwetu Rungwa, alikuwa ameomba ruhusa atutembeze hifadhini mimi na dada yangu Zuhura. Tulitoka kwenye miyombo iliyopukutisha majani, tukashuka kwenye uwanda ambao masika mto huufunika wote. Siku hiyo ardhi ilikuwa imepasukapasuka, na katika maji yaliyobaki viboko walibanana mgongo kwa mgongo.

"Mfuate nyayo zangu," baba mdogo alisema.

Zuhura aliona unyoya mweupe wa korongo, akachepuka hatua tatu tu. Nilipogeuka, alikuwa amezama hadi kifuani. Hakupiga hata kelele.

"Usihangaike! Tandaza mikono, egemea nyuma." Baba mdogo aliongea kwa sauti ya chini huku akifungua mkanda wa bunduki. Akalala kifudifudi, akamrushia. "Na wewe nishike miguu."

Nikang'ang'ania buti zake. Hapo ndipo tope lililokuwa nyuma ya Zuhura, ambalo nililidhania ni ardhi tu, likafumbua macho. Kiboko, hatua kama nne kutoka kichwani pake! Nilijikojolea palepale. Zuhura, ambaye hakumwona, alikuwa akiuliza, "Na kandambili zangu je?" Kiboko alishusha pumzi nzito, akafumba macho tena. Tulipomtoa dada, baba mdogo aliketi chini, akashindwa hata kufunga kamba za buti.

"Mama yenu asijue," alisema. Mpaka leo mama hajui.

Mwaka huu mimi na Zuhura tulirudi, wanawake wazima wenye watoto. Askari kijana alituamkia shikamoo, akatuongoza uwandani, kisha akasimama.

"Bwawa lenyewe liko wapi?" nikamuuliza.

"Ndipo hapa, mama. Tumesimama katikati yake."

Nilitazama chini. Vumbi tupu. Nilishtuka kuliko siku ile ya macho ya kiboko.

"Na viboko?"

"Wanasema walihama kufuata maji. Mimi sijawahi kuwakuta."

Zuhura alikanyaga kwa kisigino, mara mbili, kwa nguvu zake zote. Ardhi haikubonyea. Siku ile mimi ndiye niliyelia njia nzima hadi nyumbani, yeye akinibembeleza. Safari hii alilia yeye, nikambembeleza mimi.