Rubani Aliyerudi Bila Kufika

Mwanangu Rukia, siku ninayoikumbuka kila unapotaja ndege ilianza kwa mvua, na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili. Juzi kwenye simu umezitaja ndege kweli kweli. Umeniambia umepata leseni, alhamdulillahi, na kwamba kampuni mbili zinakutaka. Ukanieleza ndege za hii na ndege za ile, sare zao, ratiba zao, na mji utakamokuwa unalala. Mwisho ukauliza, "Mjomba, wewe ungechagua ipi?" Nikakuomba siku mbili nifikirie. Sasa nakujibu, ila vumilia, maana mke wangu husema mimi nikitumwa chumvi narudi na habari za muuza chumvi.

Nilikuwa kama wewe, leseni bado inanukia upya, na kampuni mbili mkononi. Moja ilikuwa kubwa, ya Dar es Salaam, yenye ndege za abiria wengi. Huko ningeanza rubani msaidizi, na kofia yenye uzi wa dhahabu juu. Nyingine ilikuwa hapa hapa Tanga, vindege vitatu vya kwenda Pemba, Unguja na Dar, mali ya Bwana Nasoro. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mwenye asili ya Omani, ambaye ukoo wake ulikuwa na minazi kule Pongwe tangu zamani. Yeye biashara ya nazi aliwaachia ndugu zake, akanunua ndege, na ndugu zake wakamwona ameingiwa na wazimu.

Mama yangu alishachagua. Makorora nzima, mtaa wetu, ilikuwa inajua kwamba mwanawe anakwenda kuendesha midege mikubwa, na jirani mmoja alishaniuliza kama nikipita juu ya nyumba zetu nitawapungia mkono. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha amua. Asubuhi ile nilikwenda uwanjani kumwambia Bwana Nasoro asante, lakini hapana. Alifahamiana na marehemu baba, na mtu haambiwi jambo kama lile kwa kutumiwa salamu.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Umeshakunywa chai? Haya, panda na Mhando mwende Pemba mrudi. Tutazungumza ukirudi."

Kapteni Mhando alikuwa mtu wa Muheza, mfupi, tumbo limemtangulia, sauti yake ya chini kama ya mtu aliye msikitini. Ndege zile ndogo abiria hupimwa uzito mmoja mmoja pamoja na mzigo wake, na wapo wanaoona haya, hasa kina mama. Basi Mhando alikuwa anapanda mizani wa kwanza, anausoma uzito wake kwa sauti watu wote wasikie, anajishika tumbo na kusema, "Nani atanishinda leo?" Watu wanacheka, na wanapanda bila taabu. Nilipomwona akifanya vile nilimpenda, lakini sikuona kama ni kitu cha kumfanya mtu abadili nia.

Miongoni mwa abiria alikuwamo Bi Mwanahamisi, mama wa Kigombe. Alfajiri ile alikuwa ameletewa habari kwamba mama yake mzazi amefariki huko Wete, Pemba. Ndugu zake walikuwa wanamngoja ili azikwe. Alikaa kiti cha nyuma yetu kabisa, kikapu mapajani, kimya. Mimi niliketi mbele kando ya Mhando, kama mtazamaji tu.

Unaijua safari ile, haichoshi. Mvua ya Tanga ikabaki nyuma, tukapata mwanga kidogo juu ya bahari, na mara Pemba ikatokea mbele yetu, kijani kitupu. Lakini wingu zito lilikuwa limelalia upande wa uwanja. Mhando akazungumza na mnara wa kuongozea ndege, akashuka taratibu, akafika chini kadiri anavyoruhusiwa, akatazama, kisha akaongeza nguvu tukapanda tena. Akazunguka juu ya bahari kwa muda, akajaribu mara ya pili. Ikawa vile vile. Upepo ulikuwa unatuyumbisha, na abiria mmoja alianza kusoma dua kwa sauti.

Bi Mwanahamisi akanyoosha mkono, akamgusa Mhando begani. Ndege zile hazina mlango wa kuwatenga rubani na watu wake. "Baba," akamwambia, "Pemba si ile pale? Mie naiona."

"Hata mimi naiona, mama," Mhando akajibu bila kugeuka. "Uwanja ndio siuoni."

Akageuza ndege. Mwanangu, siku ile damu yangu ilikuwa inachemka, na moyoni nilisema mimi ningetua. Nilisema hivyo nikiwa na leseni ya juzi. Nyuma yangu mama yule alianza kulia polepole, na sauti ile ilikuwa nzito kuliko injini. Nilimtazama Mhando usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka, naye hakufuta. Nikafahamu kwamba anamsikia, tena anamsikia kuliko mimi.

Tulipokuwa tunarudi nilikumbuka nilichokiona wiki ya nyuma yake, nilipokwenda kujitambulisha katika ile kampuni kubwa. Nilimkuta rubani mmoja amesimama ukumbini mbele ya mkuu wake. Alikuwa amerudi bila kutua kwa ajili ya hali ya hewa, na anaulizwa mbele ya makarani na wafagizi: mwenzako ametua, wewe una nini? Waliokuwa wakipita walijifanya hawaoni. Mimi siku ile niliona ndiyo nidhamu ya kampuni kubwa. Sasa, nikiwa ndani ya kindege cha Bwana Nasoro, niliogopa kwa niaba ya Mhando.

Tulipotua Tanga mvua ilikuwa bado inanyesha. Bwana Nasoro alikuwa amesimama nje, kanzu imelowa mpaka magotini, mwavuli mkubwa mkononi. Alimpita Mhando, akaja mpaka mlangoni, akamfunika Bi Mwanahamisi kwa mwavuli wake.

"Pole, mama," akamwambia. "Ndege ni yangu na uamuzi huu ni wangu. Ukiwa na lawama nipe mimi, huyu usimlaumu."

Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa aliyekuwa anawahi mzigo wake Chake Chake, kule Pemba, akashuka amefura. "Nasoro," akasema, "ndege yako inaogopa mvua?"

"Ndege haiogopi kitu," Bwana Nasoro akamjibu kwa upole. "Ndiyo maana nimeweka mtu ndani yake."

Kisha ndipo akamgeukia Mhando. Hakumuuliza kwa nini. Alimwambia, "Karibu nyumbani, Kapteni. Wataka nini?" Mhando akasema anataka chai na anataka kuachwa na mawingu yake. Akapewa vyote viwili.

Nilimfuata Bwana Nasoro ofisini. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijaja, akapiga simu ya mezani kwa jamaa yake Chake, na yule jamaa akatuma mtu kwa gari mpaka Wete kwenye msiba. Tukangoja. Jibu liliporudi lilikuwa hivi: wazee wa ukoo wamekubali kumngoja binti yao mpaka sala ya alasiri, lakini hapo hawatazidisha, mama atazikwa.

Nikainuka. "Nikamwambie Kapteni?"

"Kaa, mwanangu," akasema.

"Lakini akijua saa yenyewe..."

"Akijua, mvua itapungua machoni pake." Alisema hivyo akiwa anaupangusa mwavuli wake kwa kitambaa, kama mtu anayezungumzia jambo la kawaida. "Mhando ana moyo mwepesi. Amelelewa na bibi yake, mtu wa msiba humwonea huruma sana. Ya mazishi nitayabeba mimi. Yeye abebe ya mawingu."

Hapo, Rukia, ndipo nilipojiona sijui kitu. Mimi nilidhani mwenye kampuni kazi yake ni kumhimiza rubani. Huyu alikuwa kama amesimama mlangoni ili himizo lisimfikie. Na hakuwa mtu asiyejali, kwani mwavuli ulikuwa umeshakauka, naye bado anaupangusa.

Hakumficha mwenye msiba lakini. Alimwita Bi Mwanahamisi, akamweleza yote, maana ilikuwa haki yake. Yule mama akauliza, "Na rubani ameshajua?"

"Hajajua. Ukitaka ajue, nenda kamwambie. Mimi sina haki ya kukuzuia."

Akatoka, nami nikatoka nyuma yake. Mhando alikuwa barazani, ameshika kikombe, macho juu. Alipomwona akasimama wima. "Bado, mama," akasema. "Bado kumefunga."

Bi Mwanahamisi alimtazama muda mrefu. Nilijua neno lililokuwa mdomoni mwake, na nilijua kwamba akilitamka Mhando ataondoka. Pengine wangefika salama. Pengine nisingekuwa na hadithi ya kukusimulia. Yule mama akasema, "Umekula, baba?"

"Sijala."

Akaketi kwenye benchi, akafungua kikapu chake, akatoa mkate wa kumimina aliokuwa anawapelekea watoto wa dada yake, akamkatia kipande. Mimi nikarudi ndani. Sikuweza kuendelea kutazama, na sioni haya kukwambia kwamba nililia.

Adhuhuri ikapita. Mhando alikuwa anakwenda kwenye redio, anauliza Pemba, anarudi barazani. Adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa jirani, na Bi Mwanahamisi akaenda kutawadha. Aliposali na kumaliza, mawingu yalikuwa yameanza kupasuka. Mhando akauliza mara nyingine, akaweka kikombe chini, akasema, "Twendeni."

Safari ile ya pili ilikuwa laini. Tulitua Pemba jua likiwaka juu ya mikarafuu, barabara ya uwanja inang'aa kwa maji. Wapwa wawili wa Bi Mwanahamisi walikuwa wanamngoja, na kabla hawajasema neno nyuso zao zilishasema. Mama alikuwa amekwisha zikwa. Mhando aliwasikia wakimweleza ilikuwa saa ngapi. Alibaki ameshika bawa la ndege mpaka nilipomwita turudi.

Tanga, Bwana Nasoro alikuwa amesimama pale pale. Mhando akamwendea moja kwa moja.

"Ulijua saa?"

"Nilijua."

"Ungeniambia, ningeondoka mapema."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Walitazamana. Nilidhani watagombana. Mhando akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akaenda zake kutafuta baiskeli yake. Bwana Nasoro akanigeukia. "Haya, kijana. Asubuhi ulikuja na neno."

"Nimekuja kuuliza naanza lini," nikamwambia.

Mama alinuna, wacha nisiseme uongo. Alinuna kwa sababu ya Makorora, wala si kwa sababu yangu, na ilibidi awaeleze majirani kwamba mwanawe atakuwa anapita chini chini kidogo. Ila siku nilipomsimulia habari ya mwavuli alisema yule bwana nimpelekee salamu zake.

Nilikuwa nimeshaanza kazi Bi Mwanahamisi aliporudi kutoka matangani. Alishuka amebeba furushi la karafuu, akamtafuta Mhando, akamkuta kwenye mizani akijitangaza tumbo lake kama kawaida. Mhando alipomwona kicheko kikamkatika. Akaanza kuomba radhi. Yule mama akamwekea furushi mkononi.

"Mamangu sikumwona, baba," akamwambia. "Lakini wanangu leo wataniona mie."

Sikupata kusikia maneno makubwa kuliko hayo katika kazi yangu yote, na nimeifanya mpaka mvi zikaingia. Baadaye niliendesha hiyo midege mikubwa pia, na kofia nikaivaa, mama akafurahi kabla Mungu hajamchukua. Nilikwenda kwenye kampuni kubwa ambayo nayo ilikuwa na watu wa namna ya Bwana Nasoro. Kwa hiyo usinielewe kwamba nakusukuma kwenye vindege. Zipo ndogo mbaya na zipo kubwa njema.

Ninachokuambia ni hiki. Umenieleza mengi juu ya kampuni zako mbili, lakini hujanieleza rubani aliyerudi bila kufika anapokewaje. Usiwaulize wakubwa wao, watakujibu vizuri wote. Nenda siku ya mvua, kaa uwanjani kama mtu anayengoja mgeni. Mwangalie rubani anaposhuka baada ya kugeuza. Tazama wenzake wanamsogelea au wanamkwepa. Tazama yule mwenye cheo anafungua mdomo na neno gani la kwanza. Zungumza na marubani wadogo, umri wako, uwaulize mara ya mwisho waliposema hapana ilikuwaje. Akicheka mtu na kukwambia hapa hatusemi hapana, mshukuru na uondoke. Utapata kampuni nyingine, Rukia. Mama yako hatapata Rukia mwingine.

Na ukishaipata iliyo njema, uitumikie kwa moyo. Jifunze kwa wakubwa wake, uwaamkie wafagizi, upande mizani wa kwanza. Siku itafika wewe ndiwe utakuwa mwenye mwavuli, na kijana wako atarudi na abiria wanaolia. Usimuulize kitu kabla hajanywa chai.

Mungu akufungulie anga, mwanangu. Akupe macho ya kuona uwanja na ulimi wa kusema siuoni. Akufikishe salama kila uendako, na siku asipokufikisha akurudishe, na ukirudi umkute mtu amesimama kwenye mvua anakungoja.