Msimu Mbuzi Walipotupa Mimba

Mbuzi wa kwanza alitupa mimba asubuhi, karibu na mlango wangu, na hakuna aliyeshtuka. Mvua ilikuwa haikatiki, mifugo ililala kwenye matope, tukasema ni baridi. Jirani yangu alikiokota kile kitoto kisicho na manyoya kwa jani la mkoma, akakitupa nje ya boma. Kesho yake walitupa wengine. Kabla wiki haijaisha, hapakuwa na mbuzi mwenye tumbo.

Mimi nilikuwa na tumbo. Lilikuwa limeingia mwezi wa nane.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1997, kwenye kijiji chetu kidogo kando ya Mto Tana, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini Garissa. Wote tuliokaa pale tulikuwa watu walioishiwa na ng'ombe wakati wa ukame. Jirani yangu, mjane aliyetoka upande wa Tarbaj, ndiye aliyechoka kungoja magunia ya msaada. Nilimwita eedo, shangazi, kwa sababu ya umri wake. Alitukusanya wanawake, tukafyeka kando ya mto, tukapanda mahindi, kunde na matikiti. Mbuzi waliobaki tukawachanganya katika boma moja la miiba, na maziwa yakawa ya watoto wote, bila kuuliza mbuzi ni wa nani. Msimu mmoja tulikula cha kwetu. Nakumbuka tulivyotembea siku hizo, mabega juu.

Halafu mto ukapanda, tena bila kelele. Asubuhi mahindi yalikuwa yametokeza vichwa kwenye maji ya rangi ya chai. Jioni hata vichwa havikuonekana. Mizoga ikaanza kupita: kondoo, ng'ombe, mara ngamia aliyevimba, miguu juu. Barabara ikakatika. Mume wangu, dereva wa lori, alikuwa ng'ambo ya maji hayo na sikujua kama yu hai.

Unga ulipoisha tukaenda kuokota. Tulitembea kwa kundi, tukipiga maji kwa fimbo kwa sababu mamba walikuwa wameingia hadi kwenye miti. Tulirudi na mchicha wa porini, na makoma, yale matunda magumu kama kuni ambayo mtu huguguna kutwa nzima bado ana njaa. Mbu walikuwa wengi kiasi kwamba punda walisimama ndani ya moshi wa mioto yetu na kukataa kutoka.

Mbuzi wakubwa nao wakaanza kufa, damu ikiwatoka puani.

Mdogo wake eedo ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu, mtu wa maneno mengi na kicheko. Alikuja bomani na kisu chake, akamwinamia mbuzi jike aliyekuwa amelala ubavu.

"Huyu akifa mwenyewe ni mzoga, ni haramu," alisema. "Nikimchinja angali anapumua, watoto wanakula leo."

"Anaumwa nini?" eedo akamuuliza.

"Sijui. Na wewe hujui. Ila sufuria yako najua haina kitu."

Eedo akageuka. Watoto walikuwa wamesimama nyuma yake, wakitazama kisu. Ndugu yake akasoma bismillahi, akachinja.

Alipopasua tumbo, kicheko chake kiliisha. Ini lilikuwa la manjano, likamvunjikia mikononi kama uji ulioganda. Alilitazama kwa muda, akawatupia mbwa, kisha akaendelea kukata nyama kama mtu aliyeamua kutoona. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mkono. Eedo alinishika kiganja kwa nguvu hadi nikaumia.

"Wewe usiguse. Hata mchuzi usinywe."

"Eedo, nina njaa."

"Najua una njaa. Lakini hawa wanatupa watoto wao, abaayo, dada yangu. Tumbo lako sitalifanyia majaribio."

Sikula. Nilikaa upande wa upepo nikiguguna makoma, harufu ya nyama ikinifuata, nikamchukia eedo.

Ndugu yake alianza kuumwa kichwa. Akasema mwanga unamchoma macho, akajifunika shuka juani. Siku chache baadaye nilimpelekea maji, na aliponirudishia kikombe, ukingo wake ulikuwa na damu. Ilimtoka kwenye fizi, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Alijaribu kunitania kuhusu tumbo langu, maneno yakamshinda. Alifariki kabla ya adhuhuri, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona wanaume wakitazamana nani atamwosha maiti. Wawili wakajitokeza, wakavaa mifuko ya plastiki mikononi.

Tulipotoka kaburini, eedo alituketisha sote. Hakuwa amelia.

"Hakuna kuchinja tena," alisema. "Kinachotupwa na mbuzi kizikwe kwa jembe, kisiguswe kwa mkono. Maziwa yachemke mpaka yafurike."

Mzee mmoja akauliza, "Na utatulisha nini?"

"Makoma."

"Na makoma yakiisha?"

Eedo alichukua jembe, akaelekea bomani.

Homa ilipita nyumba hadi nyumba. Wengi waliinuka. Mke wa marehemu aliinuka pia, lakini macho yake hayakurudi sawa. Tangu hapo alinitambua kwa sauti. Mimi kila usiku niliweka mkono tumboni, nikisubiri mtoto apige teke. Alipokaa kimya nilibonyeza tumbo hadi asogee.

Helikopta iliposhuka hatimaye, walitoka watu waliojifunika midomo, wakatutoa damu sisi na mbuzi, wakasema ni ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu, na kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Walituachia unga. Binti yangu alizaliwa baada ya hapo, mdogo sana. Alichelewa kulia, na eedo alimpiga mgongoni hadi akalia. Baba yake alimkuta ana wiki kadhaa, alipovuka kwa mtumbwi.

"Twende mjini," aliniambia. "Mahali hapa pamekufa."

Familia mbili zilihama. Sisi tulibaki, kwa sababu eedo alibaki. Maji yalipoondoka yaliacha tope jeusi, na humo tukapanda tena, majembe yetu yakigonga mifupa. Mahindi yaliota marefu kuliko mtu, ya kijani kilichokolea. Yalipokomaa hakuna aliyethubutu kuvuna kilicholishwa na mizoga. Tulipita kando yake tukienda kuteka maji, na kila mmoja akageuza uso.

Eedo akavunja hindi moja, akalichoma, akaketi mbele yetu akalila lote taratibu. Tukamtazama mikono, tukamtazama midomo. Siku zilizofuata kila mtu alipata sababu ya kupita mlangoni kwake asubuhi, kumsalimia, na kuangalia kama macho yake bado ni meupe, hayajageuka manjano.