Nilivyoota Jua Nainokanoka

Hili nalisimulia nimeinamisha uso, na mkicheka chekeni tu, maana hata mimi siku nyingine hucheka kabla machozi hayajafika.

Mimi ni Mmbulu niliyeolewa Umasaini, nauza vinyago Karatu, nashinda ndani ya duka toka asubuhi hadi jioni (jua naliona kwenye picha za watalii), na mwaka juzi tumbo likaanza kuvimba na hedhi ikawa haikatiki. Daktari akakuta fibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, na kipimo cha damu kikaonyesha vitamini D iko chini kabisa. "Wenye fibroidi wengi tunawakuta na upungufu huo," akasema, "kwa hiyo ota jua, kula mayai na samaki, ila jua peke yake haliondoi uvimbe uliokwisha kukua. Urudi baada ya mwezi tupange upasuaji." Mimi nikasikia jua tu. Upasuaji niliuacha palepale mlangoni, maana niliogopa kutoka bila kizazi, nami sijazaa.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akashuka kutoka Nainokanoka, kijijini kwake huko milimani. Nikamwinamishia kichwa anishike utosini, ndiyo salamu ya ukweni, naye mkono mmoja akauweka kichwani na wa pili tumboni. "Engai amesikia," akasema kwa Kimasai, yaani Mungu amesikia. Miaka saba alikuwa akingoja mjukuu. Jamani, ningesema nini? Nikamvutia kiti. Mume wangu akanivuta jikoni: "Mwambie mama ukweli!" Nikamwambia asubiri, jua litayeyusha uvimbe na mimba ya kweli itaingia mahali pake (ndiyo akili niliyokuwa nayo).

Basi yeyo, yaani mama, ndivyo ninavyomwita mkwe wangu, akanichukua nikakae kwake, mume akabaki Karatu, na kwake mjamzito hapewi maziwa wala nyama ya mafuta, mtoto asije akanenepa akashindwa kutoka, kwa hiyo mimi niliyeambiwa nile mayai nikawa nakunywa uji mwepesi, nimefunikwa mablanketi mawili kwenye ukungu wa kule juu usioondoka mpaka mchana. Ukungu ukitawanyika, najificha nyuma ya boma, nafua vitambaa vya damu wasivione, nafunua tumbo, naota jua. Tarehe ya daktari ikapita. Siku moja wanawake wakanikuta. "Wee, unafanya nini?" Nikasema mtoto anapenda joto. Wakacheka, wakafurahi, wakaamua kuja kutubariki, mimi na huyo mtoto.

Walikuja wengi, na nyasi mbichi za baraka mikononi, wanaimba, yeyo katikati yao amevaa shanga mpya. Wakaniambia nisimame. Nikasimama, na damu ikashuka mpaka kwenye viatu. Wimbo ukakatika. "Mtoto anatoka!" Wakanibeba kwa blanketi hadi barabarani, tukapata pikapu ya mwenye duka, na njia nzima yeyo alinishika tumbo kwa mikono miwili, anamsihi mtoto abaki. Namsikia, na bado nimenyamaza. Hapo ndipo ninapojionea aibu kuliko pote.

Hospitalini Karatu mabenchi yalijaa, majirani zangu wa dukani wamo. Nesi akauliza, "Mimba ya miezi mingapi?" Yeyo akawahi, "Sita!" Nikasema hakuna mimba. Nesi hakunisikia. Ikabidi nirudie kwa sauti, na watu wote wakageuka: "Hakuna mtoto! Ni uvimbe!"

Nikangoja yeyo anitukane. Hakunitukana. Aliangalia mikono yake yenye damu yangu.

"Kumbe unaumwa," akasema polepole. "Na mimi nilikuwa nakunyima maziwa."

Niliongezewa damu, uvimbe ukatolewa, kizazi kikabaki. Kila asubuhi yeyo alikuja wodini na kibuyu cha maziwa mazito, akakaa mpaka nimalize. Jua naota mpaka leo, na vidonge vya vitamini nameza kama nilivyoandikiwa, lakini tarehe ya daktari siiruki tena, na nikimwinamishia yeyo kichwa, kabla mkono wake haujanifikia, namwambia kwanza panaponiuma.