Mkono Juu ya Kipanya

Kwa miezi miwili Latifa alitikisa kipanya cha kompyuta kila baada ya dakika tano, na pale ofisini Mtwara hakuna aliyejua kwamba mkono ule ndio uliowalinda wakulima wa Mahurunga, mama yake akiwemo.

Kompyuta ile ilipokea vipimo vya kina cha maji kutoka sehemu za juu za mto Ruvuma, kisha ikatuma tahadhari kwenye simu za wanavijiji. Lakini programu yake, isipoguswa, ilisinzia. Vipimo vilipoingia vilijipanga kwenye foleni kimya kimya, pasipo kitu cha kuiamsha ivisome. Ukigusa kipanya inazinduka, inasoma foleni yote. Latifa aliigundua kasoro hiyo wiki ya kwanza, akaandika mstari mmoja tu: kila kipimo kinapoingia, programu iamshwe. Nywila ya kuuingiza alikuwa nayo bosi, Suleimani.

"Binti, mbona mimi nikiijaribu inafanya kazi?"

"Kwa sababu ukiijaribu, bosi, mkono wako uko kwenye kipanya."

Wenzake wakacheka. "Huyu naye! Juzi tu katoka chuo, keshaanza kuwafundisha wakubwa."

"Hakiguswi kitu mpaka wageni wanaotufadhili waje, waone, waondoke," Suleimani akakata shauri.

Wageni wakaja Ijumaa. Saa sita wanaume wakajiandaa kwenda msikitini, Latifa akavuta kiti chake.

"Unakaa? Nenda kasaidie kupakua pilau."

"Bosi, hii kompyuta..."

"Kompyuta haili. Wageni wanakula."

Akaenda. Aliporudi saa nane, Suleimani alikuwa mbele ya wageni. Akagusa kipanya. Tahadhari zikamwagika kwenye kioo, ya kwanza ya saa sita na dakika ishirini. Wageni wakapiga makofi!

Latifa akatoka nje kumpigia mama yake. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa na mashine moja ya kuvuta maji, jasho la misimu mitatu ya mchicha na bamia, nayo ilikaa ukingoni. Kijijini mvua ilikuwa haijadondosha hata tone. Ilikuwa imenyesha juu huko.

"Imekwenda na maji, mwanangu. Ujumbe wenu umeingia sasa hivi, sisi tuko kwenye tope. Kwani leo hukuwa kazini?"

"Nilikuwepo, mama."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Vidole vyake bado vilinukia bizari.

"Nilikuwa napakua pilau."