Uso Uliotobolewa Kwenye Mbao

Kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu walimwita Muuaji, naye hakuona ubaya. Kazi yake ilikuwa kuchonga picha za vitabu vya mapenzi, vile vinavyoishia makaburini: bibi harusi aliyejitosa kisimani, wapenzi waliokunywa sumu kikombe kimoja. Alichora kwa penseli juu ya kipande cha mbao ngumu, kisha akachimba kwa vyuma vyembamba. Pale alipochimba palitoka peupe kwenye karatasi. Pale alipoacha, wino ulishika.

"Leo umeua wangapi?" wapiga chapa walimtania.

"Wawili. Wa tatu bado anakata roho, nitammalizia kesho."

Aliyelala mezani ili achorwe alikuwa mdogo wake, aliyeishi naye katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda, pamoja na mama yao. Binti yule alijua kufa. Alilegeza shingo, akaangusha mkono, halafu akaharibu kila kitu kwa kicheko.

"Dada, fanya haraka. Maiti ana njaa."

Muuaji aliazima mwili tu. Sura alibuni, kwa kuwa wasomaji walikuwa na yao waliyoizoea: ya mviringo, macho makubwa.

Kisha mdogo mtu akashikwa na kifua. Alianza na kikohozi, ikafuata damu. Mchumba wake, fundi seremala, alikuja mara mbili, akakaa karibu na mlango. Hakuja tena.

Wakati huohuo mhariri akaleta kazi mpya: msichana anakufa kwa kifua kikuu, mpenzi wake amepiga magoti kando ya kitanda. Muuaji alitaka kuikataa. Mgonjwa akamkatalia.

"Utamtafuta nani mwingine? Nichore mimi. Safari hii sicheki."

Akamchora kwa siku tatu, na kwa mara ya kwanza alichora uso wenyewe: mashavu yaliyobonyea, mdomo wazi unaotafuta hewa. Siku ya tatu, mchana, mama akiwa ameshika beseni, pumzi ya mgonjwa ikakatika.

Baada ya mazishi aliichonga picha ile bila kukosea mstari. Mhariri aliitazama nakala ya majaribio kwa muda mrefu.

"Kazi haina dosari. Lakini uso huu hapana. Mfunge mdomo, mnenepeshe kidogo. Watu wanataka kulia, hawataki kuogopa."

"Ndivyo watu wanavyokufa."

"Najua, dada. Mke wangu alikufa hivyohivyo. Ndiyo maana nakuomba."

Mbao haifutiki. Kurekebisha ni kutoboa, kuziba tundu kwa kipande kipya, kisha kuchonga upya. Muuaji aliweka keekee kwenye paji la uso wa mdogo wake, akazungusha. Uso ukageuka unga wa mbao. Juu ya kiraka akachonga msichana mnono aliyesinzia.

Kitabu kilinunuliwa kama maji ya kunywa. Watu waliikata picha ile wakaibandika ukutani. Nakala moja ikamfikia mama, akaiinamia.

"Mikono hii ni ya mwanangu. Huyu mwenye uso ni nani?"

Muuaji akamweleza yote, hata habari ya keekee. Mama hakumgombeza. Aliuliza tu kama ule uso wa kwanza uliwahi kuchapwa.

Muuaji akakumbuka ile nakala ya majaribio, akatoka mbio hadi kiwandani. Mhariri alipekua makabati yote, mwishowe akamwita mpiga chapa, naye akainamisha kichwa. Karatasi ile walikuwa wamefutia mashine.

Akarudi nyumbani, akakaa chini kuchora kwa kumbukumbu, mama akiwa pembeni. Alijaribu wiki nzima. Kila mara mkono ulimletea yuleyule mnono mwenye mdomo uliofungwa. Mama alikuwa akielekeza: "Pua haikuwa hivyo. Kidevu kilichongoka zaidi." Siku zilivyopita, naye akaanza kusitasita, akinyoosha kidole kisha akikirudisha. Mwishowe akainuka, akamtoa binti yake penseli mkononi.

"Basi, mwanangu. Hata ule uso ninaoukumbuka mimi unanipotezea."