Mama Mukwe Nyuma ya Rido

Vijana ba leo banazani banamuke kuimba mbele ya mikro ni kitu kilichokuja na televizyo. Hapana. Hapa Katuba, mutu wa kwanza kusimamisha banamuke batatu, sauti tatu zikipanda pamoja, ni mimi. Mimi niliyesoma myaka miwili tu kwa mapadri, niliyeanza kwa kusukuma baiskeli yenye magunia ya makala ya kupikia, njo mimi niliyejenga bar ya matofali wakati bengine balikuwa bangali na ukuta wa majani.

Ilikuwa wakati Katanga ilijitenga na Kongo, yenye bendera yake. Serikali ilikataza kutembea usiku, basi sisi tulicheza siku ya posho, bantu bakisha kulipwa mishahara, muchana, jua likiwaka. Bantu ba reli balikuwa banaleta disiki toka Rodezia, za banamuke beusi ba Amerika. Kwenye kilio kimoja nikasikia banamuke batatu banaimba vile vile, lakini kwa maneno yao, juu ya samaki na mabwana basiorudi nyumbani. Mumoja alikuwa Mukasai, muuza mikate. Wa pili mushonaji, mwenye mudomo mukali. Mukubwa wao alikuwa mujane, muuza samaki kavu za Pweto, na sauti yake ilikuwa nzito kama treni ya madini juu ya daraja. Papo hapo nikabaita kwangu.

Ule mujane alikuwa na binti. Nilimupenda, nikatuma bantu, jamaa yake ikakubali. Ni hapo njo nilijifunga kamba. Kwetu mukwe na mama wa bibi yake habaangaliane uso, habale pamoja, na mama hawezi kutingisha kiuno mbele ya mukwe, mpaka siku ile atamupikia na kumufungulia nyumba. Na karamu hiyo haiwezekani bila kaka mukubwa wa mama. Yeye alikuwa mbali, kule Kasomeno, na barabara ilifungwa na baaskari.

Mushonaji alicheka sana. "Shemeji, utakimbilia wapi? Bar iko yako, mama iko yako!"

Lakini mimi siko mutu wa kushindwa. Nikanunua kitambaa cha bluu, nikafunga rido mbele ya baimbaji. Bataimba nyuma yake, mimi nitauza bia, adabu itabaki.

Siku ya posho ya kwanza bantu balijaa mpaka kwenye madirisha. Sauti tatu zikatoka nyuma ya rido, nzuri kupita kiasi. Na ule uzuri njo ulituponza. Dreva mumoja wa kamyo akasimama juu ya benchi.

"Patron, unatuibia! Ile iko disiki!"

"Haiko disiki, ndugu yangu, naapa!"

"Banamuke ba Katuba baimbe vile? Toa rido!"

Bote bakaanza kupiga meza: rido, rido, rido! Niliona jina langu linaanguka, jina nililolijenga gunia kwa gunia. Kama bantu bale batoke bakisema mimi ni mudanganyifu, bar imekwisha, na bale banamuke hakuna atakayebaita tena. Nikifungua rido, ndoa imekufa.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya kitambaa. "Mukwe! Toka inje!"

"Mama, bar iko yangu!"

"Na adabu iko ya nani? Toka, nifungue."

Nikatoka kwa mulango wa jikoni, uso kwenye ukuta, bantu bakinicheka. Nikasimama uani kati ya kreti tupu. Nikasikia rido inaanguka, sauti tatu zikapanda, kisha kelele ile ambayo sijaisikia tena hata kwenye mupira. Katuba nzima ilibaona, isipokuwa mwenye bar.

Ikawa vile kila siku ya posho. Dreva ule ule alikuwa ananiletea habari uani: "Patron, leo bamevaa kikwembe cha manjano!" Baliitwa Likasi, baliitwa kwenye radyo. Mama alikaa mbele ya kamyo, mimi nyuma, nikitazama barabara tuliyotoka na kula vumbi, kiongozi wa kundi!

Barabara ilipofunguka, muyomba, ule kaka mukubwa wa mama, akafika. Bale batatu baliingia na sahani zilizofunikwa, bakiimba kwa sauti tatu ndani ya nyumba. Mama akafunua bukari, ugali wetu, na samaki wa Pweto, akamega, akanipa mukononi, na tukaangaliana. Alikuwa na mwanya kwenye meno. Sikujua.

Siku ya posho iliyofuata nikakaa benchi la mbele, koti jipya, mutu mukubwa. Mama akashika mikro, kiuno kikaanza, akafumba macho. Hakuyafungua mpaka wimbo ukaisha.

Nikamuuliza bibi yangu, "Leo mama iko na haya?"

"Haya gani? Anaimba vile, macho yamefumbwa, tangu zamani. Hajawahi kuona mutu mule ndani."

Nilicheka mpaka bia ikamwagikia koti. Basi nikaagiza ingine.