Maji ya Kwa Randu

Kwa Randu kilikuwa kijiji cha nyumba kumi na moja za makuti, ukingoni mwa mkono mwembamba wa bahari unaopita nyuma ya Kisauni. Wenyeji waliondoka miaka kumi na tisa iliyopita, ardhi ilipouzwa. Leo pana ukuta wa mawe na lango la chuma. Nje ya ukuta umebaki ufuo tu.

Bi. Nyevu Gona, muuza mahamri wa Mtopanga, alizaliwa hapo. Anakumbuka wanawake wakichimba ufuoni kwa vifuu siku za bamvua, bahari ilipokupwa kabisa, na maji matamu yakipanda kutoka chini ya mchanga. Desturi ilikuwa moja: aliyechimba hunywa mwisho, baada ya mwenzake wa kijijini.

Tangu wahame amechimba mara nyingi. Hajaonja hata tone, kwa kukosa wa kutangulia. Wazee wamekufa, na binti yake Caroline alizaliwa Mtopanga. Amebaki binamu yake Menza, aliyekuwa kuli bandarini, anayeishi Shika Adabu, Likoni. Kwa miaka sita, kila akipigiwa simu, Menza alijibu: mwezi ujao.

Mwezi huu, siku ya bamvua, alikuja ufuoni.

“Karibu, mgeni,” Bi. Nyevu alimlaki. “Likoni ni kuvuka feri tu. Nilidhani umehamia Pemba.”

“Magoti haya yamebeba magunia ya watu miaka thelathini, mke wangu. Nawe ukiyataka, panga foleni,” Menza alijibu, kwa utani wa mabinamu wanaoitana mke na mume.

Bi. Nyevu alicheka, akainama kuchimba. Kwenye futi mbili maji yalianza kupanda, machafu kwanza, kisha yakatulia. Alichota kifuu kimoja akampa binamu yake kwa mikono miwili.

Menza alikunywa. Alifumba macho, akakaa hivyo.

“Ndiyo?”

“Ndiyo hayo hayo.”

Zamu ya Bi. Nyevu ilifika, akachota akaonja. Yalikuwa ya chumvi. Bi. Nyevu alimtazama Menza. Menza alikuwa akiutazama ukuta. Bi. Nyevu akanywa mpaka kifuu kikawa kitupu.

“Hayo hayo,” akasema.

Bahari ilikuwa imeanza kurudi, lakini hakuna aliyeinuka. Menza alitoa chupa mfukoni akaomba ajaziwe ya kwenda nayo. Bi. Nyevu aliijaza hadi shingoni, akakaza kifuniko.

“Mwezi ujao nichimbe mimi,” Menza akasema. “Uanze wewe.”